Mtu alihama, ujuzi wa maji ukabaki bondeni

Ukitaka kujua nyumba ya Umwe, wilayani Rufiji, inavyopambana na maji, achana na rangi ya bati. Chuchumaa, utazame kozi tatu za chini. Plasta imevimba na kubanduka. Tofali linatoa unga mweupe wa chumvi. Matope yameruka hadi usawa wa goti, na chini ya upenu kuna kijifereji kirefu ambacho hakuna aliyekichimba. Hayo ndiyo masika yaliyopita, yameandikwa ukutani.

Maji yakitajwa Rufiji, fikra hukimbilia mtoni, na si bure. Aprili 2024 mafuriko yalizikumba Rufiji na Kibiti, nyumba na mashamba yakazama. Mjadala ukahamia kwenye Bwawa la Julius Nyerere, lile la megawati 2,115 lililoanza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Mjadala huo una nafasi yake. Lakini bwawa, hata liendeshwe vizuri namna gani, haligusi tone linaloanguka juu ya bati lako. Umwe iko eneo la mji wa Ikwiriri, na kwa walio juu ya bonde, nyumba huliwa na mvua ya uani kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka.

Ajabu ni kwamba Warufiji ni mafundi wa maji tangu zamani. Bondeni walijenga dungu, nyumba ya miti iliyoinuliwa juu ya nguzo, unapanda kwa ngazi. Mto ukijaa, maji yanapita chini, mtumbwi unafungwa kwenye nguzo. Yakipungua, yanaacha rutuba, na juu ya unyevu huo hupandwa mazao ya mlau. Litazame dungu kihandisi. Sakafu iko juu ya maji, na chini hakuna ukuta wa kuyazuia, kwa hiyo hayana cha kusukuma. Aliyelijenga aliuliza swali moja kabla ya kukata mti: maji yatapita wapi?

Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji, watu wakahamishiwa vijiji vya juu. Mashamba yakabaki chini, na wengi wakaendelea kushuka kila msimu kulala madunguni. Huku juu wakajenga nyumba za kukaa ardhini, mwanzo za miti na udongo, baadaye za tofali. Mtu alihama, lile swali likabaki bondeni.

Kisha likaja bati. Makuti hunywa mvua na kuiachia taratibu. Bati halinywi kitu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua nyumba yenye paa la mita 10 kwa 8, ikanyeshewa milimita 50 kwa siku, mvua ambayo masika haioni haya kuileta. Hizo ni lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Kama paa lina migongo miwili na halina gata, kila mita ya ukuta mrefu inamwagiwa pipa zima miguuni. Ndipo kinapozaliwa kile kijifereji. Maji yanazama kando ya msingi, tofali linayavuta kwenda juu kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, na plasta inaachia.

Wengi wakiona hivyo hupiga plasta mpya, nzito zaidi. Huko ni kumvika mgonjwa shati jipya. Tiba inaanzia juu kwenda chini. Weka gata, maji yaingie tangini, na tangi liwe na bomba la kutolea ziada, kwa kuwa tangi la lita 2,000 litajaa nusu tu ya mvua hiyo ikishanyesha. Kisha hakikisha uwanja uko chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, kwa angalau sentimita 15. Kuna wanaomwaga kifusi uani kila mwaka mpaka kinaifunika ile nailoni ya msingi ya kuzuia unyevu, nyumba ikageuka bakuli. Mwisho, upe uwanja mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita katika mita tatu za kwanza kutoka ukutani. Zaidi ya hapo, sentimita 2 kwa mita zinatosha.

Kuupima mteremko hakuhitaji mashine. Fundi wa mtaani anatumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Anaujaza maji, anahakikisha hauna povu. Ncha moja anaishika ukutani, ya pili kwenye mti uliochomekwa mita tatu mbele. Maji yakitulia, usawa wake ni mmoja pande zote mbili, naye anatia alama. Kisha anapima kutoka kila alama hadi ardhini. Kipimo cha kwenye mti kikizidi cha ukutani kwa sentimita 15, uwanja umekaa sawa. Vikilingana, maji yatalala uani. Cha ukutani kikizidi, yanarudi nyumbani.

Yakishatoka uani yaende wapi? Penye mchanga, shimo lililojazwa kokoto huyameza. Jaribu kwanza: chimba shimo la kina cha goti, ujaze maji, yakinywewa ujaze tena. Kesho yake ukikuta bado yamo, hapo ni mfinyanzi, tafuta njia nyingine. Ila usiyaelekeze chooni kamwe. Shimo la choo likifurika, aliyetaka kuokoa plasta ameleta kipindupindu.

Kwenye fremu za biashara kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi, hesabu inakuwa nzito. Safu ya fremu yenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 6, kwa mvua ile ile, inamwaga lita 9,000 mbele ya mlango. Mtaro wa barabara upo, lakini mwenye duka anataka wateja wapite, basi anaujaza kifusi. Yeye hapati shida. Anayefurikiwa ni jirani wa juu yake, ambaye naye anajaza upande wake kujikinga. Kivuko cha kweli ni zege juu na mtaro wazi chini, upana wa koleo kuingia, mfuniko wa kunyanyulika. Kwenye hifadhi ya barabara kuu, TANROADS waulizwe kabla ya koleo kushikwa. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA.

Nguvu ya maji tuliiona Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, barabara hiyo hiyo ilipokatwa na maji eneo la Somanga, Kilwa. Kifusi cha dukani si tuta la barabara kuu, lakini kanuni haibadiliki: tuta lisilo na tundu la kutosha ni bwawa, na bwawa lisilopangwa hupasuka.

Kwa hiyo kabla ya kununua mfuko wa saruji, ngoja mvua kubwa. Simama kibarazani uangalie maji yanaingilia wapi, yanasimama wapi, yanatokea kwa nani. Mjenga dungu hakuhitaji kusimama hivyo. Kila mwaka mto ulimpitia miguuni, naye akauachia nafasi ya kupita.