Sauti ya Meli na Ukimya wa Mabaharia

Katika tamathali zote, tashihisi ndiyo iliyozoeleka mno katika tungo za bahari. Kwa washairi wa pwani, chombo hulia, hujuta, humlalamikia nahodha. Njia hiyohiyo aliifuata mwimbaji wa Ufaransa, Michel Sardou, mwaka 1975, katika wimbo ambamo meli ya abiria iitwayo France inajisemea yenyewe, ikililaumu taifa lililoitupa. Wimbo huo ulipendwa mno. Lakini meli ikipewa ulimi, ni nani anayenyamazishwa?

France ilishushwa majini Saint-Nazaire tarehe 11 Mei 1960, na mwaka 1962 ikaanza safari za Le Havre na New York. Urefu wake ulikuwa mita 316. Haikupata meli ya abiria ya kuizidi hadi ilipokuja Queen Mary 2. Hata hivyo, ndege zilikwisha kuwachukua abiria wake, na mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, serikali ikaona ruzuku imekuwa mzigo. Septemba 1974 mabaharia waliiteka meli karibu na Le Havre, wakidai isiondolewe kazini. Hawakufaulu.

Ufasaha wa wimbo watoka hapo, na upungufu wake pia. Uchungu tunaousikia ni wa chombo. Ule wa waliopoteza riziki hatuna budi kuukisia.

Mambo yaliyofuata yalizidisha uzito wa swali hili. Mwaka 1980 meli iliitwa Norway, ikawa ya matembezi katika bahari ya Karibi. Rafadha zake nne zikapunguzwa kuwa mbili, kwani mtu wa starehe hana haraka. Mwaka 1990 ikaongezewa sitaha juu. Tarehe 25 Mei 2003, bandarini Miami, boila la mvuke lilipasuka likawaua mabaharia wanane. Hakuna abiria aliyekufa. Hatimaye ilipelekwa Alang, India, kwa jina la Blue Lady, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2008 ilikuwa imekwisha kuvunjwa.

Tashihisi si kosa; bila hiyo ushairi wa bahari ungepungukiwa. Kosa ni kuiachia ipokee machozi yote. Chuma hakiungui kwa mvuke wala hakiachi mayatima. Mtunzi anayekipa chombo sauti na ashuke pia katika chumba cha mitambo, awasikilize walio humo, kisha ndipo apange vina.