Kombe la akina dada wa Mazembe: tulishangilia, hatukutazama

Tarehe 23 Novemba 2024, kule El Jadida nchini Maroko, ekipe ya wanawake ya TP Mazembe iliwapiga AS FAR 1-0 na kubeba kombe la klabu bingwa Afrika. Penalti moja ya Marlène Kasaj, basi. AS FAR walikuwa nyumbani kwao, mbele ya watu wao, na kombe lile walikuwa wamekwisha kulibeba mwaka 2022. Usiku ule simu za Goma zilijaa picha, bendera na vifijo. Nilisoma karibu kila kitu kilichonifikia, cha usiku ule na cha siku zilizofuata. Sasa niwaulize ninyi wa promosio yangu, na wadogo wetu walioko bado ku inivasite: ni nani kati yenu anaweza kutaja wachezaji watano wa ekipe ile? Bila kufungua simu.

Mimi nimeuliza watu wengi. Jibu linalorudi sana ni "batoto banamuke ba Mazembe". Njo jina lao hilo, la wote kwa pamoja.

Msimu ule ulikuwa mkubwa kuliko maandishi tuliyouandikia. Na maandishi yale, ukiyapanga mezani, yanasema mambo matatu tu.

La kwanza ni muujiza. Mungu wa Kongo, mwujiza wa El Jadida, na kadhalika. Sitakawia hapa. Ekipe hii hii ilienda Maroko mwaka 2022 kwenye mashindano haya haya, ikatoka kwenye makundi, nyuma ya Mamelodi Sundowns na Bayelsa Queens. Mwaka 2023 haikufika hata huko: nafasi ya Afrika ya Kati ilichukuliwa na Huracanes wa Guinea ya Ikweta. Mwaka 2024 ikarudi, ikashinda. Mtu akirudia mwaka kisha akapita, mama yake anaweza kusema ni muujiza, na tunamheshimu mama. Lakini mwenye kupita anajua ni usiku ngapi hakulala. Mbaya zaidi, wale AS FAR wa fainali walikuwa kundi moja na Mazembe. Maana yake antrenere Lamia Boumehdi alikuwa amekwisha kuwaona uso kwa uso siku chache nyuma. Aliona nini? Alibadilisha nani, akafunga njia gani? Hiyo njo hadithi yenyewe ya kombe, na sijaisoma popote kwa Kiswahili. Ukimweka Mungu mahali pa antrenere, unakuwa umepumzika: hauna tena kitu cha kueleza. Kama ungeandika TFC yako hivyo, ungerudishiwa siku ile ile.

La pili ni mfuko wa Moïse Katumbi. Hili lina ukweli ndani, tusijifanye. Klabu ina uwanja wake Kamalondo, ina shule yake ya mpira, inalipa watu. Bila pesa hakuna kupanda ndege kwenda Maroko. Lakini wanaoandika kwamba "presidenti alinunua kombe" wajibu kitu kimoja: mfuko ule ule unahudumia pia wanaume, na wanaume wa Mazembe walibeba kombe lao la mwisho la klabu bingwa Afrika mwaka 2015. Mfuko ni mmoja, mwaka ni ule ule, matokeo ni mbalimbali. Kwa hiyo kuna kazi iliyofanyika upande wa wanawake ambayo pesa peke yake haielezi. CAF waliiona: Desemba 2024, kule Marrakech, Boumehdi alipewa tuzo ya antrenere bora wa mpira wa wanawake Afrika, na Mazembe ikawa klabu bora ya wanawake. Mwanamke Mmoroko anatoka kwao, anakuja Lubumbashi, halafu anarudi kwao kuipiga klabu ya jeshi la kwao. Kama mwandishi wa mpira hawezi kutoa ukurasa mmoja mzuri kutokana na hiyo, afanye kazi ingine.

Tukitaja pesa, tuzitaje zote. Mshindi wa kombe la wanawake mwaka ule alipewa dola 600,000, na hiyo ilikuwa baada ya CAF kupandisha. Mshindi wa kombe la wanaume mwaka ule alipewa dola milioni 4. Hesabu fanyeni wenyewe, ninyi wa Ekonomi.

La tatu ndilo linaloniumiza kichwa, kwa sababu limeandikwa na watu wetu, wenye diploma, wenye nia nzuri. Ni lile la "mwanamke wa Kongo ameamka". Kombe la Mazembe likageuzwa kuwa cheti cha nchi nzima: tazameni, mwanamke wa Kongo anaweza, mlango umefunguka. Sentensi tamu. Tarehe 8 Machi zinafaa sana.

Halafu ikaja Julai 2025. Leopards wanawake wakaenda Maroko kwenye kombe la mataifa ya Afrika. Senegal ikawapiga 4-0. Maroko ikawapiga 4-2. Zambia ikawapiga 1-0. Matshi tatu, pointi sifuri, ya mwisho kwenye kundi. Na wengine kati ya wachezaji wale walikuwa wale wale wa El Jadida. Fideline Ngoy, kipa wa Mazembe, alikuwa ndani ya ekipe ya taifa pia.

Kama Novemba ilikuwa ya "mwanamke wa Kongo", basi Julai ilikuwa ya nani? Walioandika ile ya kwanza walinyamaza kimya. Ninawaelewa. Ukishatangaza kwamba mlango umefunguka kwa wote, hauna tena maneno ya kueleza kwa nini watu bado wako inje.

Kwa macho yangu, maelezo si magumu. Klabu moja, kwenye mji mmoja, iliwapa wachezaji mazoezi ya kila siku, antrenere anayejua kazi yake, na miaka ya kukosea na kurudi. Wakacheza kama watu wenye kazi. Ekipe ya taifa inakusanya watu kwa wiki chache, wengine wametoka kwenye hali hiyo, wengine wametoka mahali ambapo mwanamke anayecheza mupira bado anajinunulia viatu. Kombe la Mazembe halikuwa picha ya nchi. Lilionyesha kinachotokea pale ambapo kazi inapangwa, na kwa hiyo lilionyesha pia, kwa kinyume, mahali pote ambapo haipangwi. Nusu hii ya pili hatukuisoma.

Sisi wa Goma hatuna kisingizio cha kutoiona. Tunajua kusoma mambo kwa kinyume. Januari 2025 uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafungwa; mtoto wa kike wa hapa mwenye kipaji, hata kama kesho Lubumbashi wangemwita, swali la kwanza si kipaji chake, ni njia gani atapita na nani atamlipia. "Mlango umefunguka" ni sentensi ya mtu ambaye hakuuliza barabara.

Kuna pia ile ya "mara ya kwanza wanawake wetu wanang'ara Afrika". Hapana. Mwaka 1998, kule Nigeria, wanawake wa Kongo walimaliza wa tatu kwenye mashindano ya Afrika. Mwaka 1998! Mwezi wa nane wa mwaka ule vita ilikuwa imeanzia hapa hapa kwetu, mji ulikuwa umekatika na Kinshasa, na miezi michache tu baadaye akina mama wale wakarudi na nafasi ya tatu. Wadogo zao wa chini ya miaka 20 walicheza kombe la dunia Urusi mwaka 2006, wakarudia Chile mwaka 2008. Haya hayakufichwa popote. Ila tunapenda kuandika "mara ya kwanza" ju inatuondolea kazi ya kuuliza: waliotangulia walienda wapi, na kwa nini hakuna aliyeendeleza walichoanza?

Linganisheni na wanaume. Mwaka 2010, Abu Dhabi, Mazembe waliwapiga Internacional wa Brazil 2-0 kwenye kombe la dunia la klabu. Kabangu na Kaluyituka walifunga. Kidiaba akaruka-ruka kwa matako uwanjani, na hadi leo, hapa Goma, utakuta mtoto ambaye hakuwa hata amezaliwa akifunga goli anakaa chini na kuruka vile. Fainali walipoteza, Inter waliwafunga 3-0. Hakuna anayejali. Waliopoteza fainali wana majina, wana mchezo wao wa watoto, wana hadithi za babu. Walioshinda fainali wanaitwa "batoto banamuke".

Sisemi kwamba Kidiaba hakustahili. Alistahili, muzee yule alikuwa na furaha ya kweli. Ninasema kwamba kukumbuka ni kazi, na kazi ile mwaka 2010 ilifanywa na watu: na watangazaji wa radio waliorudia dakika kwa dakika, na magazeti, na vijana ku barabara waliobishana wiki nzima kuhusu nani alitoa pasi. Kombe la 2024 halikubishaniwa. Tulilipongeza tu. Kumpongeza mtu bila kubishana juu ya mchezo wake ni kumwambia kwa adabu kwamba mchezo wenyewe haukukugusa. Nani alikosea kwenye fainali ile? Nani alichoka? Nani alipaswa kutolewa mapema? Kwa wanaume tungegombana hadi kuvunjiana urafiki.

Na tabia hii haianzii Maroko. Kwenye inivasite moja ya hapa mjini, fainali ya wasichana ya kati ya fakilte ilipangwa saa sita ya mchana, jua kali, kwenye uwanja ule wa vumbi jeusi na mawe ya volkano, ju wavulana walihitaji uwanja saa nane. Si kwa matshi. Kwa mazoezi. Kesho yake ku ubao wa matangazo wakabandika: wavulana, matokeo, wafungaji na dakika, wasichana, "Sheria 2, Ekonomi 1". Mimi nilikuwa pale. Goli la pili la Sheria lilipigwa kutoka mbali, mguu wa kushoto, kipa hakusogea. Aliyelipiga alihitimu, hayuko tena hapa, na kwenye karatasi za mashindano yale goli lake halina mwenyewe.

Turudi El Jadida, ju kuna kitu kimoja nakitafuta bado. Matokeo ya 1-0 yana sura mbili: kuna aliyefunga ile moja, na kuna waliohakikisha kwamba wenyeji hawarudishi. Kasaj angalau anatajwa. Lakini kuongoza kwa goli moja, ugenini, dhidi ya ekipe inayojua kubeba kombe, uwanja mzima ukiwazomea, halafu kumaliza bila kufungwa: pale njo msimu wote ulipimwa. Mabeki walisimama wapi? Ngoy alitoka golini mara ngapi? Walikuwa wanapoteza muda kwa akili au kwa woga? Vipande vya dakika mbili vinavyozunguka ku simu zetu vinaonyesha penalti, kisha vinaruka moja kwa moja hadi kombe likiinuliwa. Katikati wamekata. Kama kuna mmoja wenu aliyehifadhi matshi nzima, dakika 90 zote, anitumie. Nitalipa megabaiti mwenyewe.