Mla Nawe na Mzaliwa Nawe: Kuvunjika kwa Meza ya Duara katika Visakale vya Mfalme Arthur

Utangulizi

Visakale vya Mfalme Arthur na mashujaa wake wapandafarasi ni miongoni mwa masimulizi yaliyoenea mno katika fasihi ya Ulaya. Hata msomaji ambaye hajapata kufungua kitabu kimoja cha visakale hivi aghalabu huwa amesikia habari za upanga uliochomolewa jiweni, za Merlin mwenye elimu ya uganga, za Malkia Guinevere na mpenzi wake Lancelot, na za meza ya duara isiyokuwa na upande wa mbele wala wa nyuma. Aghalabu pia huwa ameisikia hukumu iliyozoeleka, kwamba ufalme huo uliangushwa na uzinzi wa malkia.

Makala haya yanaipinga hukumu hiyo. Yanadai kwamba katika Le Morte Darthur, kitabu alichokimaliza Sir Thomas Malory mnamo 1469 au 1470 na kuchapishwa na William Caxton mnamo 1485, uzinzi ni cheche tu iliyoangukia kuni zilizokwisha kukauka. Kuni zenyewe ni mgongano baina ya kiapo cha meza na madai ya damu, na aliyeanza kuzikusanya ni mfalme mwenyewe.

Chimbuko la kisakale

Historia ya maandishi yenyewe inaiunga mkono hoja hii. Gildas, mtawa wa karne ya 6, anavitaja vita vya Badon lakini hamtaji Arthur. Historia Brittonum ya karne ya 9 inamtaja Arthur kama kiongozi wa vita, na inaorodhesha mapigano 12 aliyoyashinda. Annales Cambriae, kumbukumbu za Wales, zinaeleza kwamba Arthur na Medraut waliangamia katika vita vya Camlann, bila kusema kama wawili hao walikuwa upande mmoja au walikuwa mahasimu. Kufikia hapo hakuna meza, wala Lancelot, wala malkia mwenye kulaumiwa.

Geoffrey wa Monmouth, katika historia yake ya wafalme wa Uingereza iliyotokea mnamo miaka ya 1130, ndiye aliyemvisha Arthur taji na kumpa enzi kamili. Kwake yeye msaliti ni Mordred, mpwa wa mfalme, ambaye ananyakua kiti cha enzi na malkia pia wakati mjomba wake yuko vitani ng'ambo. Lancelot alikuwa bado hajabuniwa. Mapenzi yake na malkia yaliingia baadaye katika karne hiyo ya 12 kupitia tungo za Chrétien de Troyes, Mfaransa, na Mordred akafanywa mwana wa Arthur aliyezaliwa na dada yake katika masimulizi marefu ya nathari ya Kifaransa ya karne ya 13.

Mfuatano huu una maana kubwa kwa mhakiki. Ufalme wa Arthur ulikuwa umekwisha kuanguka katika kisakale kabla Lancelot hajazaliwa kifasihi. Jambo lisilobadilika ni Mordred. Na kila kizazi cha wasimulizi kilipokiongezea kisakale fahari, kilimsogeza Mordred karibu zaidi na damu ya mfalme. Yule aliyekuwa jina tu katika kumbukumbu akawa mpwa, kisha akawa mwana.

Meza na kikoa

Meza ya Duara nayo ilichelewa kuja. Inatokea kwa mara ya kwanza mnamo 1155 katika utungo wa Wace, Roman de Brut, na sababu ya kuundwa kwake inatajwa wazi: kila bwana alijiona bora kuliko mwenzake, na hakuna aliyekubali kukaa chini ya mwingine. Layamon, aliyeandika kwa Kiingereza yapata miaka 50 baadaye, anaieleza sababu hiyo kwa ukali zaidi. Kwake ugomvi wa viti unazuka kwenye karamu, vyakula vinarushwa, visu vinatolewa na watu wanauawa, ndipo seremala anapojitolea kuunda meza ya kuwaketisha watu 1,600 na zaidi. Meza hiyo basi haikuzaliwa na upendo. Ilizaliwa na damu iliyomwagika karamuni, na ilikusudiwa kuzuia nyingine isimwagike.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hawezi kukosa kukumbuka kikoa katika Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mnamo 1913. Hakuna uhusiano wa kihistoria baina ya kisakale cha Waingereza na hicho cha pwani ya kaskazini ya Kenya, lakini tatizo wanalolichunguza ni moja. Liyongo na wenzake wanakula kikoa cha makoma, kila mmoja akipanda mkoma kwa zamu yake, na wenzake hao hao wamekula njama ya kumfuma kwa mishale zamu yake itakapofika. Liyongo anaizima njama kwa kuyaangusha makoma kwa mshale bila kupanda. Aliyeshindwa kuuawa na wala naye anakuja kuuawa na mzaliwa naye, mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba. Katika visakale vyote viwili kula pamoja kunaahidi usawa na usalama, na katika vyote viwili pigo la mwisho linatoka mkononi mwa mwana.

Wahenga walisema: Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Methali hii inaipambanua jamaa ya kula na jamaa ya kuzaliwa, na inaiegemea ya pili. Le Morte Darthur ni kama hoja ndefu inayojibishana nayo.

Kiapo na damu

Kwa Malory, meza inamfikia Arthur kama zawadi ya ndoa kutoka kwa Leodegrance, babake Guinevere, pamoja na mashujaa 100. Ina nafasi za watu 150. Malory anaiongezea jambo moja muhimu, nalo ni kiapo kinachorudiwa kila sikukuu ya Pentekoste. Mashujaa wanaapa kutoua ovyo, kuepuka uhaini, kumrehemu aombaye rehema, kuwatetea wanawake na kutopigania madai ya dhuluma. Hii ndiyo katiba ya meza. Lakini katiba hiyo haisemi lolote kuhusu kisasi cha ukoo, na pengo hilo ndilo linaloimeza jamii nzima.

Tazama mkondo wa ukoo wa Gawain. Baba yake, Mfalme Lot, anauawa vitani na Pellinore. Gawain na Gaheris wanamuua Pellinore. Lamorak, mwana wa Pellinore, anapendana na Morgause, mjane wa Lot. Gaheris anamuua mama yake mzazi kitandani, kisha ndugu wanne wanamvizia Lamorak na kumuua, Mordred akimchoma kutoka nyuma. Gaheris anafukuzwa barazani kwa kumuua mama yake. Hata hivyo wauaji wa Lamorak wanaendelea kuketi vitini mwao, mezani pale pale alipokuwa akiketi marehemu. Meza imesawazisha viti bila kuwasawazisha waliovikalia.

Katika hali hii ndipo Agravain na Mordred wanapoifichua siri ya malkia. Ni muhimu kuzingatia kwamba Gawain anakataa kuhusika na njama hiyo. Agravain, ndugu yake, na wanawe wawili wanapouawa na Lancelot mlangoni pa malkia, bado Gawain hadai kisasi, maana alikuwa amewaonya. Anamtetea hata malkia mbele ya mfalme. Anabadilika pale tu Lancelot, akimwokoa malkia asichomwe moto, anapowaua katika msukosuko Gaheris na Gareth, waliokuja bila silaha kwa sababu hawakuiafiki hukumu. Gareth alikuwa kipenzi cha Lancelot, naye ndiye aliyempa ushujaa. Tangu hapo hakuna suluhu. Hata amri ya Papa, inayomrejesha malkia kwa mumewe na hivyo kuufunga mjadala wa uzinzi, haivizimi vita. Iwapo uzinzi ndio uliokuwa chanzo, vita vingekoma hapo. Vinaendelea kwa sababu damu ya Gareth haijalipwa.

Kosa la mfalme

Lakini kabla ya hayo yote palikuwa na merikebu. Arthur alilala na Morgause bila kujua kwamba ni dada yake. Alipoelezwa na Merlin kwamba atakayemwangamiza atazaliwa siku ya kwanza ya Mei, aliamuru watoto wa mabwana waliozaliwa siku hiyo wakusanywe, wakatiwa merikebuni na kuachiwa bahari. Wengi walikufa, Mordred akanusurika. Malory anasimulia unyama huu, unaomkumbusha msomaji Herode wa Injili, kwa maneno machache bila kutoa hukumu. Anataja tu kwamba lawama nyingi zilimwangukia Merlin, na kwamba mabwana walinyamaza, wengine kwa hofu na wengine kwa mapenzi.

Kimya hicho ndicho msingi halisi wa baraza la Arthur. Kiapo cha Pentekoste kinakuja baada ya merikebu, na anayewaapisha wengine wasiue ovyo ni yule aliyewatosa watoto. Mfalme asiyeweza kulishtaki kosa lake hawezi pia kulishtaki la mpwa wake, na ndiyo maana mauaji ya Lamorak yanapita bila shauri.

Matokeo yake yanadhihirika katika tukio la mwisho karibu na Salisbury. Arthur na Mordred wanakutana kupatana, na kila mmoja ameliamuru jeshi lake lishambulie likiona upanga wowote ukichomolewa. Nyoka anamuuma askari mguuni, askari anachomoa upanga amuue, na majeshi yanavamiana. Baadhi ya wasomaji hukiona kisa hiki kama bahati mbaya tu. Lakini nyoka asingeweza kuwaua maelfu pasingekuwa na shaka iliyokwisha kujaa mioyoni mwa wote.

Guinevere na wahakimu wake

Lawama dhidi ya malkia ilipata nguvu mpya katika Idylls of the King ya Alfred Tennyson, iliyotolewa kwa sehemu baina ya 1859 na 1885. Humo Arthur anamwendea mkewe katika nyumba ya watawa, na malkia akiwa amejilaza kifudifudi anamsomea mashtaka ya kuiharibu kazi yake yote kabla ya kumsamehe. La kuzingatia ni kwamba Tennyson alilazimika kukikata kisakale ili hukumu hiyo isimame. Kwake Mordred si mwana wa Arthur. Dhambi ya mfalme imefutwa, na mzigo wote umehamishiwa begani mwa mwanamke. Malory, aliyeandika akiwa kifungoni wakati koo za kifalme za Uingereza zikichinjana katika Vita vya Mawaridi, hakuwa na anasa ya kusahau kwamba falme huangamizwa na jamaa.

Hitimisho

Mwishoni mwa Le Morte Darthur methali ya wahenga inathibitishwa na kupinduliwa kwa pamoja. Mzaliwa wa Arthur anakufa naye kweli, ila kwa kumuua na kuuawa naye. Lucan, aliyekula naye tu, anakufa akijaribu kumwinua mfalme aliyejeruhiwa. Bedivere, ndugu yake Lucan, ndiye anayebaki kuutupa upanga ziwani. Kumbe mla nawe aweza kufa nawe. Kilichokosekana mezani pa Arthur hakikuwa upendo wala ushujaa. Ilikosekana sheria ambayo ingemfikia kila aliyeketi, mfalme akiwa wa kwanza. Meza inaweza kuchongwa duara na fundi yeyote hodari, lakini haki iliyo sawa kwa wote waliokaa kuizunguka haiundwi na seremala.