‘Dawa’, ‘Kuziba’ na ‘Kusawazisha’: Uhakiki wa Istilahi za Tairi la Pikipiki

1. Utangulizi

Istilahi mpya inapofikishwa mbele ya kamati, kwa kawaida hupimwa kwa mambo matatu. Huulizwa kama neno linafuata sarufi ya Kiswahili, kama ni fupi kiasi cha kutumika bila taabu, na kama linapatana na maneno mengine ya uwanja wake. Vipimo hivi ni vya lazima. Hata hivyo, makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba havitoshi, na kwamba kipo kipimo cha nne ambacho sisi tunaoshughulika na tafsiri tumekuwa tukikisahau: msomaji akishalisoma neno hili, atafanya nini?

Mfano tutakaoutumia ni wa viowevu vinavyotiwa ndani ya matairi ya pikipiki. Viowevu hivyo huuzwa kwa madhumuni mawili. Kwanza, vizuie upepo usitoke pindi tairi linapochomwa na msumari au mwiba. Pili, viondoe mtikisiko wa gurudumu ambalo uzito wake haukuenea sawasawa pande zote. Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili ni dogo mno kwa kurasa hizi. Lakini pikipiki ina magurudumu mawili tu, na la mbele likiishiwa upepo ghafla hakuna jingine la kulisaidia. Nchini Tanzania kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zilitungwa mwaka 2010, na leo bodaboda ni usafiri wa watu wengi mjini na vijijini. Karatasi ya maelezo iliyobandikwa kwenye chupa ya kiowevu hicho, basi, inahusu uhai wa dereva na wa abiria aliye nyuma yake.

Mwandishi hajitoi katika lawama. Orodha ya maneno ya ufundi wa pikipiki iliwahi kupita mezani kwake, na yeye mwenyewe aliliidhinisha neno ‘kisawazishi’ bila kusita, kwa kuwa lilitimiza vipimo vyote vitatu. Baadaye mwalimu mmoja wa ufundi alimletea karatasi ya maelezo iliyotumia neno hilo, akamweleza jinsi wanafunzi wake walivyoielewa. Uhakiki huu umetokana na mazungumzo hayo.

2. ‘Dawa’

Karatasi hiyo inakiita kiowevu ‘dawa ya tairi’. Wako watakaolikataa neno hili papo hapo kwa hoja kwamba tairi haliugui. Hoja hiyo si nzito. Katika Kiswahili neno ‘dawa’ halikufungwa hospitalini. Tunasema dawa ya viatu, dawa ya meno na dawa ya mbu, na hakuna anayedhani kwamba kiatu ni mgonjwa wala kwamba mbu anatibiwa. Dawa, katika matumizi hayo, ni kitu chochote kinachotiwa au kupakwa ili kuleta matokeo fulani. Mtu wa kawaida akisema ‘dawa ya tairi’ anasema Kiswahili safi, na si kazi yetu kumsahihisha.

Kasoro iko katika kitenzi kinachoandamana na jina. Mfasiri, baada ya kuandika ‘dawa’, amevutwa na neno lake mwenyewe akaandika kwamba dawa hiyo ‘hutibu’ pancha na ‘kuponya’ tairi. Hapo maana imehama. Kilichopona hakihitaji kurudishwa kwa mganga. Dereva anayesoma kwamba tairi lake limepona ataendelea na kazi wiki nzima, msumari ukiwa bado umo ndani. Ilhali kiowevu hiki hakiponyi kitu. Aina moja ina nyuzi na chembe ndogo ndogo, ambazo husukumwa na upepo unaotoka hadi zikasongamana katika tundu. Aina nyingine ina utomvu wa mpira, ambao huganda unapokutana na hewa ya nje. Katika aina zote mbili, nyuzi za tairi zilizokatwa na msumari hubaki zimekatwa.

Jina ‘dawa’, basi, laweza kuachwa katika lugha ya mitaani. Vitenzi ‘tibu’ na ‘ponya’ havina budi kuondolewa katika maelezo ya ufundi.

3. ‘Kuziba’

Neno hili ni gumu zaidi kwa sababu linaonekana halina kosa. Kamusi yoyote itathibitisha kwamba kuziba ni kufunika tundu au kufunga upenyo. Je, si ndivyo kiowevu kinavyofanya?

Mfasiri amesahau kwamba neno hili lina mwenyewe. Kwa fundi wa pancha na wateja wake, ‘kuziba pancha’ ni kazi kamili yenye hatua zake: tairi hufunguliwa, tyubu hutolewa, tundu hutafutwa kwa kuitumbukiza tyubu katika karai la maji, mahali penye tundu hukwaruzwa, hupakwa solusheni, kisha hubandikwa kiraka. Mteja hulipa na kuondoka akijua kwamba kazi imekwisha. Karatasi inaposema kwamba kiowevu ‘huziba pancha’, msomaji anaambiwa kwamba kazi hiyo yote imefanyika ndani ya chupa moja. Hivyo ndivyo wanafunzi wa mwalimu wetu walivyoelewa, na hawakukosea. Walilisoma neno kwa maana waliyoizoea kila siku.

Tofauti hii si ya maneno tu. Kiowevu hufanya kazi katika tundu dogo lililo kwenye uso unaokanyaga barabara. Watengenezaji aghalabu hutaja tundu lisilozidi milimita 6 kwa tairi lisilo na tyubu, na milimita 3 kwa tyubu. Tundu la ubavuni halimo katika ahadi hiyo, kwa maana ubavu wa tairi hujikunja na kujikunjua wakati wote wa mwendo, na kilichosongamana humo hung’oka. Hata tyubu na tairi havifanani. Katika tairi lisilo na tyubu, mpira mnene huushika msumari, na upepo hutoka polepole. Tyubu ni nyembamba na imevutwa. Ikichomwa yaweza kupasuka mpasuko mrefu ambao hakuna kiowevu kitakachouzuia, na upepo ukapita katikati ya tyubu na tairi na kutokea kwenye matundu ya spoki. Pikipiki nyingi za bodaboda zina spoki na tyubu. Karatasi tunayoihakiki inasema ‘tairi’ mwanzo hadi mwisho, na neno ‘tyubu’ halimo. Anayehitaji onyo zaidi ndiye ambaye hakuonywa.

4. ‘Kusawazisha’

Sasa tufike kwenye neno ambalo mwandishi mwenyewe aliliidhinisha. Karatasi inasema kwamba kiowevu ‘husawazisha tairi’ na kukiita ‘kisawazishi’. Kisarufi neno halina dosari: limetokana na ‘sawa’, likapewa mnyambuliko wa kusababisha, kisha kiambishi cha kifaa. Je, msomaji ameelewa nini?

Wanafunzi wengi walijibu kwamba kiowevu kinaufanya upepo uwe sawa katika tairi. Wakaongeza, kwa mantiki isiyo na kasoro, kwamba mwenye kukitumia hana haja ya kupima upepo. Jibu hili lapaswa kutushtua. Tairi lenye upepo pungufu hupata moto, hujikunja kupita kiasi, na huifanya pikipiki iwe nzito kwenye kona. Neno letu limemwondolea dereva tahadhari aliyokuwa nayo kabla ya kulisoma.

Maana iliyokusudiwa ilikuwa nyingine kabisa. Gurudumu likiwa na upande mzito kuliko mwingine, uzito huo wa ziada huvuta kwenda nje kila gurudumu linapozunguka. Tuchukue mfano wa gramu 20 zilizozidi upande mmoja, sentimita 20 kutoka katikati ya ekseli, katika gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 30. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gurudumu hilo huzunguka karibu mara 9 kila sekunde, na gramu hizo huvuta kwa kani ya nyutoni 12 hivi, sawa na uzito wa kilo moja na robo. Kwa kilomita 30 kwa saa kani hiyo hushuka hadi nyutoni 3, na kwa kilomita 120 hupanda hadi karibu 49, kwa sababu mwendo ukiongezeka mara mbili kani huongezeka mara nne. Ndiyo maana mtikisiko huu huwasumbua zaidi wanaokwenda kasi katika barabara kuu.

Fundi huondoa kasoro hii kwa kubandika kipande cha risasi au cha metali nyingine kwenye rimu, upande ulio mwepesi. Wauzaji wa viowevu, na wa chembe za kauri zinazomwagwa ndani ya tairi, hudai kwamba bidhaa zao hujipanga zenyewe upande unaostahili gurudumu linapozunguka. Kanuni hiyo inajulikana katika ufundi wa mashine, ila ina masharti: mzunguko lazima uwe wa kasi ya kutosha, na kitu chenyewe kiweze kutembea ndani ya tairi. Pikipiki ikisimama, kiowevu chepesi huteremka chini na kukusanyika mahali pamoja. Tena hakuna kiowevu kinachonyoosha rimu iliyopinda wala kukaza spoki iliyolegea. Neno ‘kisawazishi’ halimdokezei msomaji sharti lolote katika haya.

5. Mapendekezo

Utaratibu unaojulikana wa kuunda istilahi unatutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake kabla ya kwenda kwingine. Katika jambo hili tuna bahati, kwa kuwa pwani imetuhifadhia neno linalofaa: kalafati.

Mafundi wa majahazi hukalafati chombo kwa kushindilia pamba iliyotiwa mafuta katika maungio ya mbao, ili maji yasiingie. Nyuzi zinazosongamana katika tundu la tairi hufanya kazi ile ile, ijapokuwa huku kinachozuiliwa ni upepo usitoke. Lakini ubora wa neno hili hauishii katika mfanano huo. Baharia anajua kwamba kalafati haigeuzi mbao mbovu kuwa nzima, na kwamba huchakaa na hutakiwa kurudiwa. Neno limebeba tahadhari ndani yake, jambo ambalo ‘kuziba’ na ‘kuponya’ hayawezi.

Itasemwa kwamba dereva wa Dodoma au Tabora halijui neno hilo. Ni kweli. Neno asilolijua, hata hivyo, litamfanya aulize, hali ‘kuziba’ litamfanya aamini. Hatari ya neno geni hapa ni ndogo kuliko ile ya neno lililozoeleka kwa maana nyingine.

Kwa upande wa uzito, tunalo neno ‘urari’, ambalo tayari linatumika katika biashara na uhasibu kwa maana ya pande mbili kulingana. Tunapendekeza lihamishiwe kwenye gurudumu, na ‘kusawazisha’ kuachwe kwa mambo yake ya asili, kama vile kusawazisha ardhi.

Mapendekezo yetu kwa muhtasari ni haya:

Kalafati ya tairi: kiowevu chenye nyuzi, chembe au utomvu, kinachotiwa ndani ya tairi ili kuzuia kwa muda upepo usitoke katika tundu dogo.

Kuziba pancha: kutengeneza tundu kwa kiraka au kwa njia nyingine ya kudumu, kama mafundi wanavyosema sasa.

Urari wa gurudumu: hali ya uzito wa gurudumu kuenea sawasawa kuzunguka ekseli yake.

Risasi ya urari: kipande cha metali, hata kama si cha risasi, kinachobandikwa kwenye rimu ili kuleta urari.

Kanieneo ya upepo: msukumo wa upepo ndani ya tairi, unaopimwa kwa geji.

Istilahi peke yake haitoshi. Mfasiri bado anadaiwa sentensi. Karatasi tuliyoihakiki ingeweza kuandikwa hivi: “Kalafati hii huzuia upepo kwa muda katika tundu lisilozidi milimita 6 kwenye uso wa tairi lisilo na tyubu. Haifai kwa tundu la ubavuni. Ukichomwa na msumari, nenda polepole hadi kwa fundi akuzibie pancha, na umwambie kwamba umetia kalafati ili aioshe kabla ya kubandika kiraka. Endelea kupima upepo kama kawaida.” Maneno haya hayavutii wateja kama ‘dawa inayoponya’, lakini kila sentensi inamwelekeza msomaji tendo la kufanya au la kuepuka.

6. Hitimisho

Hatukusudii kuwalaumu wafasiri wa karatasi za biashara, ambao mara nyingi hupewa siku moja na malipo haba. Lawama kubwa ni yetu sisi tunaoidhinisha maneno tukiwa tumeketi mezani, mbali na karai la maji la fundi wa pancha. ‘Kisawazishi’ kilipita kwa sababu kilikuwa neno zuri. Hakuna aliyekwenda kumuuliza dereva mmoja angefanya nini baada ya kulisoma.

Tunawaomba walimu wa ufundi na wafasiri wayajaribu mapendekezo haya mbele ya wasomaji wenyewe, na watuletee majibu yao hata yakiwa ya kuyakataa. ‘Kalafati’ likionekana haliwafai madereva, na liachwe. Lakini liachwe baada ya kuulizwa swali ambalo ‘kisawazishi’ halikuulizwa.