Arudhi ya Chuma

Kila mwezi wa Oktoba, kwa desturi iliyoanza mwaka 1996, maelfu ya magari ya zamani hukusanyika katika pwani ya Mississippi, kusini mwa Marekani, kwa tamasha liitwalo Cruisin' the Coast. Huko Biloxi na miji jirani yake hupita taratibu, vioo vimeteremshwa, katika barabara kuu nambari 90 iliyoambaa na ufuo, na watu huketi ukingoni kuyatazama. Msomaji wa kurasa hizi ana haki ya kuuliza hayo yawahusu nini wapenzi wa tungo. Yanatuhusu kwa kuwa hiyo nayo ni sanaa yenye arudhi.

Fundi wa magari haya haanzi na chuma kitupu. Huanza na gari la kawaida lililotoka kiwandani kwa maelfu: Ford ya 1932, iliyowapa watu wa kipato kidogo injini ya silinda nane, au Mercury ya 1949 hadi 1951. Amepewa bahari yake na mizani yake, na ustadi wake hupimwa kwa yale ayafanyayo ndani ya mipaka hiyo. Twaa mfano wa ukataji wa paa. Fundi hukata nguzo zinazolibeba paa, akazipunguza sentimita kadhaa, kisha akalishusha. Lakini nguzo za gari zimeinama. Zikishafupishwa, ncha za juu na za chini hazikutani tena. Hapo hana budi kulirefusha paa, au kuzilaza nguzo upya, na vioo navyo vikatwe vifuate. Ni yale yale ya mshairi aliyepunguza silabi moja katika ukwapi, akakuta kina kimehama na mstari mzima wadai kushonwa upya. Mafundi wa zamani walijaza maungio kwa risasi iliyoyeyushwa, wakailainisha kwa tupa hata kidole kisitambue palipoungwa. Utungo guni hutambuliwa na sikio; gari guni hutambuliwa na vivuli vinavyopinda juu ya rangi yake.

Kilele cha sanaa hii, kwa maoni yangu, ni Mercury ya 1951 ambayo ndugu wawili, Sam na George Barris, walimtengenezea Bob Hirohata huko California mwaka 1952. Nguzo ya katikati iliondolewa, madirisha ya ubavuni yakawa uwazi mmoja mrefu, na rangi ikawa kijani cha namna mbili, cha juu chepesi mfano wa povu la bahari. Hakuna pambo lililozidi hapo. Kazi za baadaye za George, zilizosheheni mapezi na marembo ya sinema, zanikumbusha malenga aliyezoea kupigiwa makofi. Mwaka 2022 gari hilo liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni mbili, jambo lisilotuongezea chochote katika kulifahamu.

Aliyewalazimisha wasomi kuitazama sanaa hii ni Tom Wolfe, katika makala yake ya mwaka 1963 ndani ya jarida la Esquire. Makala ilimshinda kuandika. Akampelekea mhariri maelezo yake ghafi, na hayo ndiyo yaliyochapwa. Ana jicho kali. Ila pale anapowafananisha mafundi hao na watu wa Kisiwa cha Pasaka, eti wameumba maajabu yao wakiwa wametengwa na ulimwengu, sisi wa visiwani twaweza kumcheka kidogo. Kisiwani ndiko vitu vya watu huletwa na bahari kila siku.

Ninapogombana na tamasha lenyewe ni katika habari ya kumbukumbu. Mengi ya magari haya huita miaka ya 1950 na 1960, na huiita kama miaka ya raha. Katika miaka hiyo mtu mweusi hakuruhusiwa kuoga katika ufuo huo huo, wenye mchanga wa kilomita zipatazo 42 uliomwagwa kwa msaada wa fedha za umma. Mei 1959 daktari Gilbert Mason, akiwa na wenzake na watoto, alifukuzwa majini. Tarehe 24 Aprili 1960 alirudi na watu wapatao 125, nao wakashambuliwa na kundi la Wazungu wenye minyororo, mabomba na fimbo za biliadi. Ilimpasa kungoja hadi mwaka 1968 mahakama iufungue ufuo kwa wote.

Simlaumu fundi kwa haya. Ametengeneza gari, hakutunga sheria. Lakini watu wawezao kubishana usiku kucha juu ya kishikio cha mlango, kama ni cha 1950 au 1951, hawawezi kudai kwamba tarehe si kazi yao. Magari ya miaka ile yalikuwako Biloxi Jumapili hiyo pia, yameegeshwa kando ya barabara 90, na pengine mojawapo lilifunguliwa milango yake watu wakashuka na minyororo mikononi.