Kuambatisha, Kuelekeza na Kupachika: Maneno ya Video katika Waraka

Miongoni mwa maneno yanayotumiwa ovyo katika miongozo ya kompyuta ni kitenzi "ambatisha". Hutumika kwa barua-pepe inayofuatana na faili, kwa waraka unaoonyesha tu mahali video ilipo, na kwa waraka uliobeba video ndani yake. Hivyo ni vitendo vitatu, wala madhara ya kuvichanganya hayaishii katika kurasa za kamusi.

Mwaka jana nilikuwa Runzewe, wilayani Bukombe, sehemu iliyokuwa ya Mkoa wa Shinyanga hadi ulipoundwa Mkoa wa Geita mwaka 2012. Wachimbaji wadogo wa huko hukamata dhahabu kwa zebaki, na ofisi moja ilikuwa imewaandalia waraka wa PowerPoint kuhusu namna ya kunasa mvuke wake wakati wa kuchoma. Kiini cha somo kilikuwa video ya dakika chache. Mwandalizi alifuata mwongozo uliomtaka "aambatishe video", naye akachagua njia inayoweka katika waraka anwani tu ya faili. Waraka ulisafiri katika flashi. Video ikabaki ofisini. Ukutani kikatokea kisanduku cheusi. Mkufunzi akajitahidi kueleza kwa mikono, na watu waliokuja kuona jinsi chombo kinavyofungwa wakaondoka bila kuona. Mvuke wa zebaki ukivutwa huharibu mishipa ya fahamu.

Yaweza kusemwa kwamba kosa ni la mtu, si la neno. Sikubali. Mtumishi wa serikali anajua kiambatisho ni nini: ni karatasi iliyomo katika bahasha moja na barua. Alipoambiwa kwamba ameambatisha, alikuwa na haki ya kuamini kuwa vitu viwili vimefuatana.

Programu yenyewe haichanganyi mambo haya. PowerPoint ya 2007 iliacha video nje ya waraka. Ile ya 2010 ilianza kuitia ndani, huku ikimwachia mtumiaji hiari ya kuelekeza tu. Tafsiri ndiyo iliyofuta tofauti hiyo.

Kwa video inayoingia ndani napendekeza "pachika". Kito hupachikwa katika pete, na pete ikienda kito huenda nayo. Wako wapendeleao "chomeka", lakini kinachochomekwa huchomolewa upesi, tena neno hilo limekwisha kuzoeleka kwa waya za umeme. Kwa anwani tupu, "unganisha" halifai, kwa kuwa vilivyounganishwa hudhaniwa vimeshikamana. Afadhali "elekeza", ingawa nomino "kiungo" imeenea mno kuweza kuondolewa. "Ambatisha" libaki katika barua, lilikotoka. Neno "video" lenyewe halina kosa, wala sioni sababu ya kulitafutia mbadala.

Wachimbaji wa Runzewe, kwa hakika, wametutangulia. Mashine ya kusaga mawe wanaiita karasha, shimo ni duara, pa kuoshea ni mwalo, na hakuna anayetumwa duarani akaenda mwaloni.

Kupachika kuna gharama yake: waraka huwa mzito, na kuupeleka kwa simu hula fedha za mpokeaji. Basi mwongozo na uyataje hayo palepale penye kitenzi, ili mwandalizi achague akijua ni nini kitakachosafiri na ni nini kitakachobaki.