Udongo Usiolazwa

Wafinyanzi wengi hupenda udongo uliolazwa. Udongo ukikandwa, ukafungwa na unyevu wake na kuachwa kwa miezi, maji hupata muda wa kupenya kati ya chembe zake bapa, na vijidudu hula mabaki ya majani na mizizi yaliyomo, vikitoa asidi na utelezi. Ukija kuufungua unanuka, na mara nyingi umeota madoa meusi au ya kijani, lakini mkononi ni mtiifu kama unga wa chapati uliopumzishwa: unapinda bila kupasuka, unavutika bila kukatika. Kwa hiyo ukungu, ambao mtu wa nje angeuona uchafu, mfinyanzi huupokea kama dalili kwamba udongo umeiva.

Sasa mfikirie mfinyanzi ambaye mwili wake haupatani na ukungu. Akifungua mfuko wa udongo ulioiva, pua huziba, macho huwasha, na kama ana pumu kifua hubana. Kazi yenyewe imejaa unyevu: ndoo za mabaki, sifongo, mbao, matambara, vyungu vibichi vilivyofunikwa nailoni visikauke haraka. Wengi wenye hali hiyo huambiwa waiache kazi. Ninamfahamu mama mmoja wa Tanga ambaye hakuiacha. Nimekaa mara nyingi barazani kwake nikimtazama, na sijapata kumwona mtu anayeujua udongo hatua kwa hatua kama yeye.

Jambo la kwanza, hahifadhi udongo mbichi. Akiletewa mzigo kutoka bondeni, huupasua mabonge madogo, huchambua mizizi na majani, kisha huuanika juu ya mabati mpaka ukauke hadi kiini. Ndipo huutia kwenye magunia na kuyapanga juu ya chaga, mbali na sakafu na ukuta. Ukungu hauoti pasipo maji. Masika ya Tanga yakifika, wakati viatu na mikoba ya ngozi kabatini inaota ukungu, udongo wake hukaa salama, maana hauna unyevu wa kuulisha.

Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo atautwanga uwe unga, na hapo ndipo angeukimbia moshi na kuangukia motoni. Vumbi la udongo lina silika, na silika ikivutwa kwa miaka huacha makovu kwenye mapafu yasiyopona. Mama huyu hatwangi kamwe. Hutumbukiza mabonge makavu kwenye karai la maji na kuyaacha yalivyo. Inafaa kulitazama bonge hilo kwa karibu. Kwanza hutoa mapovu membamba, kwani maji yanaingia na kuifukuza hewa. Kisha kingo zake hupasuka, vipande hudondoka kimoja kimoja, na baada ya muda mfupi bonge limejibomoa lenyewe, limekuwa rundo la tope laini chini ya maji. Udongo nusu-mkavu hauwezi hivyo. Huloa juu na kubaki mgumu ndani kwa siku. Ndiyo maana anasisitiza ukauke kabisa kwanza. Ukavu ule ule unaozuia ukungu ndio unaofanya udongo ulainike bila vumbi.

Ujiuji huo huuchuja kwa chekeche, akatoa mchanga na vinyuzi vya mizizi vilivyoponyoka, kisha huumimina juu ya matofali makavu yaliyotandikwa shuka kuukuu. Tofali hunywa maji, na udongo hugeuka kuwa kitu kinachoweza kushikika. Hapa kuna siri ya kazi yake. Udongo uliopita kwenye ujiuji mwembamba umelowa kila chembe, kwa hiyo hupata kwa siku chache sehemu kubwa ya ulaini ambao udongo wa mfukoni huungoja kwa miezi. Kilichopungua anakitafuta kwa siki kidogo, kwa sababu asidi huzifanya chembe zishikane vizuri zaidi, na kwa mikono. Hukanda akisukuma kwa kiganja, akikunja na kugeuza, akisukuma tena, bila haraka. Kisha hukata bonge katikati kwa waya na kuzitazama nyuso mbili. Akiona tundu la hewa au mstari wa rangi tofauti, hurudia. Nilimwuliza kwa nini asiloweke udongo wa mwezi mzima akapumzika. Akasema, “Ninacholoweka leo ndicho nitakachofinyanga juma hili, mwanangu. Kitakachobaki kinarudi juani.”

Namna anavyofinyanga nayo inaafikiana na hali yake. Gurudumu la kufinyangia hudai udongo laini na maji mengi yanayorukaruka kila upande. Yeye hujenga kwa misokoto, mmoja juu ya mwingine, akiunganisha kwa kidole gumba na kukwangua kwa kipande cha kibuyu. Kazi ya namna hiyo huusamehe udongo usiolazwa, na wala haina hadhi ndogo. Wanawake wa Kikisi wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa wamejenga sifa yao kwa mikono, bila gurudumu la umeme, na vyungu vyao vinavyouzwa soko la Matema vinajulikana hadi Kyela na Mbeya. Mama huyu akifika kwenye shingo ya mtungi hupunguza mwendo. Kidole kimoja huwa ndani, kingine nje, na unene wa ukuta anausoma kati ya vidole hivyo viwili. Udongo wake ukianza kuchanika pembeni, anajua ni kiasi gani cha maji unataka, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyatia na ndiye aliyeyatoa.

Jioni kazi haishii kwenye chungu. Maji ya kazi humwagwa siku hiyo hiyo, sifongo hukamuliwa na kuanikwa, mbao husuguliwa na kusimamishwa zipate upepo. Sakafu hupigwa deki kwa tambara bichi, haifagiliwi. Mabaki hayaendi kwenye ndoo ya tope, huanikwa. Hachanganyi karatasi wala samadi kwenye udongo, ingawa huimarisha chungu kibichi, kwa sababu ndivyo vitu ambavyo ukungu hupenda kula. Dawa ya klorini haigusi, kwani ikikutana na siki hutoa gesi yenye sumu. Na pale ukungu unapojitokeza licha ya yote, haukwangui. Anaufunga udongo huo mfukoni, na mtu mwingine asiye na tatizo hilo huutoa nje. Anajua kwamba ukungu uliokufa nao huweza kumbana kifua, kwa hiyo kuuua hakutoshi.

Ulinzi wa mwisho ni moto. Chungu kikipita nyuzi 600 za sentigredi, ukungu na kila kilicho hai kimeteketea, na udongo umekuwa kitu kipya kisichorudi kuwa tope. Anayenunua chetezo au mtungi wake hapelekewi ukungu wa karakana.

Kuna watu watakaosema kwamba haya yote ni mzunguko mrefu kwa ajili ya chungu. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe. Mwenye mfuko ulioiva hupewa ulaini bila kuuliza umetoka wapi. Mama huyu huutengeneza upya kila juma, na anajua sababu ya kila hatua. Ndiyo maana vyungu vyake ni vizuri.

Basi, ndugu msomaji, kama unapenda udongo na mwili wako unakataa ukungu, mwone daktari kwanza, uwe na dawa yako karibu, kisha jaribu njia hii kabla ya kuiacha kazi. Nanyi walimu wa ufinyanzi, wekeni gunia moja la udongo mkavu kando kwa ajili ya mwanafunzi wa namna hiyo. Gharama yake ni ndogo, na huenda mkampata fundi ambaye msingempata kwa njia nyingine.